Msimpumzishe Mama

Swali hunifikia kwa simu, mara nyingi arobaini ya baba ikiwa imepita: "Mama abaki Rombo peke yake, tumlete Dar, au tumtafutie makao ya wazee?" Kikao cha ukoo kimeshakaa, watoto wamegawanyika, na mimi mtaalamu wa fiziotherapia nahesabiwa kuwa msuluhishi. Nikiuliza kama mama anainuka kwenye kiti bila kushikwa mkono, au usiku anafikaje chooni, simu inakuwa kimya. Wamebishana mwezi mzima kuhusu mahali pa kumweka mtu ambaye hawajamtazama akitembea.

Na wanapoamua, popote watakapoamua, wanamharibu kwa jambo lile lile: "Amefanya kazi maisha yake yote, sasa apumzike." Nimechoka kulisikia neno hili. Linasemwa kwa mapenzi, ndiyo maana hakuna anayethubutu kulipinga. Mama aliyekuwa akikatia ng'ombe majani kila asubuhi, akipanda na kushuka mgombani, analetwa Tabata na kukalishwa kwenye sofa mbele ya runinga. Akigusa ufagio, dada wa kazi anampokonya. Chakula analetewa, maji analetewa. Miezi michache baadaye miguu haimbebi tena, nami naambiwa kwamba uzee umemjia ghafla. Jamani, uzee haufanyi hivyo. Alikuwa na mazoezi ya kila siku, nanyi mmemnyang'anya.

Mwaka 2007 ulichapishwa Marekani utafiti wa wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani kwa siku 10. Hawakuwa na ugonjwa wowote, na walikula vizuri. Hata hivyo kila mmoja alipoteza miguuni wastani wa karibu kilo 1 ya nyama, ambayo kwa sehemu kubwa ni misuli. Kijana akipoteza misuli huirudisha upesi. Mwenye miaka 75 huirudisha kwa taabu, na wengine hawairudishi kabisa. Misuli ya mapaja ikiisha, mzee anaanguka bafuni na nyonga inavunjika. Hata hapo, akishapasuliwa, tunamsimamisha kesho yake madaktari wakiruhusu, kwa sababu kitanda kinaleta nimonia, vidonda vya mgongoni na damu kuganda miguuni.

Akishadhoofika huja dripu ya "kuongeza nguvu." Chupa ya nusu lita ya dekstrozi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, sawa na vijiko sita vya chai. Uji unampa zaidi ya hapo. Na kama moyo wake ni dhaifu, maji hayo yanaweza kujaa kwenye mapafu. Acheni kabisa kumtundikia mzee dripu ambayo daktari hakuiagiza!

Kabla ya kikao kingine, fanyeni kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani: akae kwenye kiti imara, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano. Akizidisha sekunde 14, mpelekeni akapimwe.

Akiweza, na akili imetulia, abaki kwake: vyuma vya kushikia chooni, taa ya usiku, dagaa, maharage au mayai kila siku, jirani anayelipwa kumpitia asubuhi na jioni. Akisahau sufuria jikoni au akipotea njia, asiishi peke yake. Mleteni mjini, lakini apewe kazi, mboga za kuchambua, duka la kwendea kwa miguu. Makao ya serikali Tanzania, na yale ya Sebleni na Welezo kule Unguja, yako kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza, hivyo msiyahesabu kama njia ya mkato. Kenya kuna ya mashirika ya dini, kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani, na siku hizi yapo ya kulipia kila mwezi. Mkifikiria ya kulipia, nendeni saa nne asubuhi bila taarifa. Mkikuta wazee wote wamekalishwa ukutani, tafuteni kwingine.