Plagi Isiyopiga Hodi

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hao hawakumruhusu mgeni apite mlangoni pasi na hodi. Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mgeni mmoja mdogo, mweupe, asiyezidi kiganja cha mtoto, niliyemkuta kwa mpwa wangu huko Riruta, Nairobi.

Mgeni huyo ni plagi. Si plagi tuijuayo, ile ya meno matatu mapana tuliyoirithi kwa Waingereza. Hii huitwa plagi janja. Huchomekwa ukutani, kisha pasi, taa au friza huchomekwa juu yake. Ndani mna swichi ndogo ingojayo amri kwa njia ya intaneti. Mwenyewe akiwa kazini hubonyeza simu, na taa ya Riruta ikazimika.

Mpwa wangu aliinunua kwa nia njema. Umeme wa nyumba yao ni wa tokeni: unanunua, unapewa nambari 20, unazibonyeza kwenye mita, uniti zikiisha ni giza. Plagi hiyo ilimwonyesha friza inakula kiasi gani. Na friza ile ndiyo riziki ya mkewe. Yeye ni mzaliwa wa Mombasa, huletewa nguru na jodari kwa basi, akawauzia watu wa Riruta na Kawangware.

Siku moja walisafiri Mombasa kwa arusi. Huku nyuma umeme ukakatika usiku, ukarudi kabla ya alfajiri. Friza za majirani zikaendelea na kazi yake. Ya kwao ilikaa kimya. Plagi janja ilikuwa imepangwa ibaki imezimika kila umeme urudipo, mpaka bwana wake aiamuru. Naye bwana wake hakuweza kuiamuru, maana intaneti ya nyumbani ilikuwa imekwisha muda wake. Waliporudi siku ya tatu, harufu iliwalaki ngazini.

"Mjomba," akaniambia yule mama huku akiosha friza kwa ndimu, "samaki wangu wameoza kwa sababu plagi ilikuwa ikingoja ruhusa."

Nilimtafuta fundi wa umeme wa Kawangware anieleze. Alicheka kwa adabu, akasema, "Mzee, taabu ya hapa si akili ya plagi. Taabu ni ukuta." Akanionyesha soketi ambayo waya wake wa kwenda ardhini ulikuwa umekatwa ukaachwa ndani ya saruji. Akanikumbusha tabia yetu sote ya kutia kalamu katika tundu la juu ili plagi ya meno mawili iingie. Jino lile la tatu ni refu kwa makusudi: ndilo lifungualo vifuniko vya matundu mawili ya chini, na ndilo lipelekalo umeme uliopotea njia ardhini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Ukuta wa namna hiyo ukiutundikia kifaa cha akili, ni kama kumvika kilemba mtu asiye na kanzu.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Plagi nyingi za aina hii hazimsikilizi mwenye nyumba moja kwa moja akiwa mbali. Amri hutoka katika simu, ikaenda kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo, ndipo irudi ukutani. Kampuni ikifunga mlango, amri haifiki. Huko Marekani, kampuni ya Insteon ilizima kompyuta zake Aprili 2022 bila ya kuwaaga wateja. Mwaka 2025 kampuni ya Belkin nayo ilitangaza kwamba vifaa vyake vingi vya Wemo vingekatiwa huduma hiyo ifikapo tarehe 31 Januari 2026. Mtu amelipa fedha yake, kitu kimo ukutani mwake, lakini roho yake i mikononi mwa mwingine.

Na huyo mwingine huona. Taa iwashwapo saa ya daku, izimwapo, nyumba ikaapo siku tatu bila ya mtu, yote huweza kuandikwa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo ni jambo jema. Lakini sisi tulifundishwa adabu hii chuoni tukiwa wadogo: Surat an-Nur yatukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe.

Hata hivyo, haki ya Mungu isemwe. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, asije panya akauburura utambi akawaunguza wenye nyumba. Aliyesahau pasi na sasa yuko ndani ya matatu, akaweza kuizima kwa simu, ametekeleza wasia huo. Mzee asiyeweza kuinuka naye hupata nafuu.

Basi sisemi ni haramu. Nasema kwanza mwite fundi akague ukuta. Pili, usikitundike chombo cha mgonjwa wala friza ya riziki juu ya kitu kinachongoja ruhusa. Tatu, ukinunua, chagua yenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole, na uhakikishe itawaka yenyewe umeme urudipo.

Pale Riruta, plagi imehamishiwa taa ya roshani. Friza imerudishwa ukutani. Nami nikiwa ndani ya basi la kurudi pwani niliandika ubeti huu:

Mgeni akija kwangu, hodi huipiga kwanza,
Apewe idhini yangu, ndipo maneno kuanza,
Taa ya nyumbani mwangu, mimi ndiye wa kutunza,
Kuwasha na kuzimisha, mkono wangu watosha.