Jembe Hutolewa na Mwenyeji

Mwaka 1958, mwalimu mmoja wa shule ya Nalanda mjini Colombo, A. T. Ariyaratne, aliwaongoza wanafunzi wake hadi Kanatoluwa, kijiji cha Warodiya, watu ambao jamii ya Sri Lanka, iliyoitwa Ceylon zama hizo, ilikuwa imewahesabu kuwa najisi tangu enzi za wafalme wake, wasiostahili hata kuketi jamvi moja na wengine. Wanafunzi wale, watoto wa mjini, walichimba visima na vyoo, wakapanda bustani, na, jambo lililokuwa zito kuliko visima vyenyewe, wakala na kulala pamoja na wenyeji wao. Kutokana na safari hiyo likazaliwa shirika la Sarvodaya Shramadana, ambalo Ariyaratne, aliyefariki mwaka 2024, alijaaliwa kuliona likienea katika maelfu ya vijiji vya kisiwa hicho.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza, ingawa si mwepesi kuutimiza. Kabla jembe halijagusa ardhi, wanakijiji hukutana, wazee kwa vijana, wake kwa waume, wakashauriana ni lipi wanalolihitaji kwanza: barabara, kisima, mfereji wa kunyweshea mashamba, au shule ya watoto wadogo. Likishaafikiwa, kila nyumba hutoa ilichojaaliwa, hii nguvu, ile zana, nyingine mchele na nazi za kuwapikia wafanyao kazi. Na hapo yeyote aliyeishi Usambara au Upare atautambua msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, anaoujua. Mgeni aliyetoka Ulaya kujitolea hupokewa kwa taadhima, lakini shauri huwa limekwisha kukatwa na wenyewe, naye hubeba karai la udongo pale anapoelekezwa.

Tofauti kati ya mgeni anayeelekezwa na mgeni anayejiamulia si ndogo, maana nia njema peke yake haijapata kumshibisha fakiri. Mwaka 1968 kasisi na mwanafalsafa Ivan Illich aliwahutubia vijana wa Kimarekani waliokuwa wakijiandaa kwenda vijiji vya Meksiko, akawasihi bila kuwaficha neno kwamba waende kutazama na kujifunza, wala wasiende kusaidia, kwa kuwa hata lugha ya hao waliodai kuwasaidia hawakuijua. Miaka iliyofuata ikaleta ushahidi mchungu zaidi: nchini Nepal na Kamboja, wageni walipoanza kumiminika na fedha zao ili wakae wiki chache na mayatima, nyumba za mayatima ziliongezeka, na ilipochunguzwa ikadhihirika kuwa wengi wa watoto waliomo wana mzazi aliye hai, na baadhi yao wametolewa vijijini kwa ahadi ya elimu.

Hata shirika la wenyeji halikusalimika na uzito wa mkono wa ng'ambo. Katika miaka ya 1980 Sarvodaya ilipokea fedha nyingi za wafadhili wa nchi za Magharibi, na pamoja nazo zikaja ratiba, hesabu na masharti, hata ukazuka mvutano juu ya nani aamue, aliye kijijini au aliye na mfuko. Na fedha hizo zikaja kupungua. Vijiji, hata hivyo, vilibaki vimeshikamana, na tsunami ya Desemba 2004 ilipozikumba pwani za Sri Lanka, Sarvodaya ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwafikishia wahanga chakula na nguo, kwani waliovipeleka walikuwa majirani.

Basi anayetaka kwenda ughaibuni kujitolea, kabla hajakata tiketi, na ajiulize: ni nani aliyeniita, ni nani atakayenipangia kazi, na ni ujuzi gani nilio nao ambao wenyeji wanauhitaji? Kundi la kwanza la Peace Corps, wajitoleaji wa Kimarekani, lililofika Tanganyika mwaka 1961 lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kwa sababu nchi ilihitaji barabara. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni ajitwalie jembe mwenyewe, kisha achague na shamba la kulima. Akikosa wa kumpa, ni heri abaki kwao, na ile nauli aitume, pasi na masharti, kwa wanaojua mahali pa kuchimba.