Anayepigwa atajikinga vipi na Ukimwi?

Kila nisikiapo wanawake wakihimizwa kujikinga na Ukimwi, hujiuliza: yule mke wa mtaa wa mabanda, amtegemeaye mumewe kwa kodi na unga, atathubutu vipi kumtaka atumie kondomu, ilhali ombi hilo laweza kumletea kipigo na kufukuzwa? Pasipo hiari, nasaha zetu ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Naam, sheria ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inatambua dhuluma ya kingono hata ndani ya ndoa. Lakini sheria haimlipii mtu kodi. Huko Limpopo, Afrika Kusini, wanawake maskini walikopeshwa mitaji midogo na kufunzwa kuhusu jinsia na Ukimwi. Utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba visa vya kudhulumiwa na wapenzi wao vilipungua kwa asilimia 55.

Walimu wenzangu, tuwafunze wasichana kwamba aliyelazimishwa apaswa kufika hospitalini kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi. Na wavulana, kwamba ngumi haimfanyi mtu mwanamume. Atakaye kuufukuza Ukimwi na aanze kwa kumwondolea mwanamke hofu na ufukara.