UNATAKA MBWA? SEMA KWANZA ATALALA WAPI!

LEO naomba tuweke pembeni mambo ya mapenzi, maana mwenzenu siku hizi kichwa kimejaa mbwa. Usicheke!

Mbwa wetu pale nyumbani, nyuma ya stendi ya Msamvu, alizaa watoto sita kwa mkupuo, kwenye banda la kuni. Madume wawili, majike wanne. Baba mtu hajulikani, kama kawaida ya mjini. Mama akatoa amri moja tu: "Wakifika miezi miwili nisione hata mkia hapa."

Nikajua hiyo kazi ndogo. Msamvu si ndiyo njia panda ya Dar, Dodoma na Iringa? Watu wanapita usiku na mchana. Wiki ya tano tu akaja tingo mmoja wa lori na maneno matamu, nikampa dume mwenye doa jeupe. Siku ya tatu nikamkuta yule yule mtoto kwenye mtaro karibu na wauza mahindi ya kuchoma, anatetemeka, tumbo kama ngoma kwa minyoo. Kumbe gari lilipata mzigo wa haraka, jamaa akamshusha. Msomaji, niliona haya kama nimefumaniwa. Na wa kulaumiwa si tingo peke yake. Mimi ndiye niliyemtoa mtoto hajaacha ziwa, tena bila kuuliza swali hata moja.

Bwana mifugo alinipa somo la bure. Mtoto akae na mama yake wiki nane hivi, apewe dawa ya minyoo kabla ya kuondoka, na akifika miezi mitatu achomwe chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha irudiwe kila mwaka. Hapo hakuna utani. Kichaa hicho dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu kimbia hospitali ukachome sindano.

Basi nikaanza usaili. Utamlaza wapi? Atakula nini, maana ugali mtupu haumtoshi? Mwenye nyumba amekubali? Mshikaji mmoja wa Chamwino alimtaka kwa nguvu zote, kumbe ana chumba kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba ni mtu wa swala tano, mate ya mbwa kwake najisi. Angefukuzwa yeye na mbwa wake siku hiyo hiyo! Mwingine alitaka wa kumfunga mnyororo mchana na usiku awe mkali. Huyo nilimuonyesha geti.

Ila kasheshe lenyewe ni majike. Kila anayekuja: "Nipe dume." Jike akifika miezi sita hivi anaweza kupata mimba, anaibeba miezi miwili tu, na kwa mwaka anaweza kuzaa mara mbili. Ndiyo maana wengine huwatia majike kwenye kiroba na kwenda kuwatupa jalalani, wakati Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Jike anafungwa kizazi, bwana! Hapa Moro tuna hospitali ya wanyama pale SUA, wenzetu mikoani wanaitafuta kwa tochi.

Tena mji huu huu ndiko alikozaliwa Magawa, panya wa APOPO aliyepewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini kule Cambodia. Panya anavishwa medali, mbwa anarushiwa mawe!

Mpaka sasa wameondoka wanne. Majike wawili wamekwenda pamoja kwa mama mmoja wa Kihonda mwenye uzio na bandari ya kuku, samahani, banda. Dume mmoja na jike mmoja wako kwa mzee mwenye shamba la mahindi. Nimewafuata kwa baiskeli baada ya wiki mbili, wamenenepa.

Yule wa mtaroni sitoi, huyo ni wangu. Amebaki jike mmoja mweusi, masikio yamelala, chanjo mwezi ujao. Anayemtaka aje aonane na mama. Siku hizi ndiye anayeuliza maswali, na ni mkali kuliko mimi.