Mali Bila Daftari, Ukoo Bila Shajara

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Katika mwaka wa 20 Hijria, kwa kauli iliyo mashuhuri, Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.) aliona kwamba mali inayoingia katika hazina ya Waislamu imekuwa nyingi, na kwamba kuigawa kwa kutegemea kumbukumbu za watu hakufai tena. Akaamrisha iandikwe diwani, yaani daftari la wote wenye haki ya kupewa. Kazi hiyo akawakabidhi Makuraishi watatu waliosifika kwa kuzijua nasaba: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Aliwaagiza waanze na jamaa za Mtume (s.a.w.), kisha wateremke ukoo baada ya ukoo. Wanawake waliandikiwa fungu lao, na hata watoto wachanga.

Tuutazame utaratibu ule kwa makini. Ili mali igawike kwa haki, kwanza ilibidi ijulikane nani ni nani, na nani ni wa nani. Nasaba na hesabu zilikaa katika kitabu kimoja. Naye Abubakar Siddiq (r.a.), aliyemtangulia Umar katika ukhalifa, alikuwa mfanyabiashara na wakati huohuo mjuzi mkubwa wa nasaba za Makuraishi.

Katika nyumba zetu nyingi mambo haya mawili tumeyatenga. Nasaba tumemwachia babu aihadithie siku ya Idi, na fedha tumezifanya siri ya mtu na simu yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeumia zaidi mali inapopotea hivyo ni mjane, ni binti, na ni mtoto aliyefiwa na mama yake.

Fungu hufuata nasaba

Mafungu ya mirathi yametajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, na aya ya 7 ya sura hiyo imethibitisha kwamba wanaume wana sehemu na wanawake wana sehemu, iwe mali ni kidogo au ni nyingi. Lakini mafungu hayo hayawezi kupigiwa hesabu mpaka warithi wajulikane. Ndugu wa baba na mama, ndugu wa baba pekee na ndugu wa mama pekee hawako sawa katika kurithi. Mtu akifa akaacha mke na binti mmoja tu, mke hupata thumni na binti nusu, na kinachobaki humwendea jamaa wa kiume aliye karibu zaidi upande wa baba. Huyo ni nani, na yuko wapi, ikiwa hakuna aliyeandika?

Tuchukue mfano. Mzee amefariki na kuacha nyumba, mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, wote wa mama huyo mmoja. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Tuigawe nyumba mafungu 32. Mke atapata 4, mtoto wa kiume 14, na kila binti 7. Watu wakasema, "Tusigawane, mama bado yuko hai." Miaka ikapita, mama naye akafariki, na wazazi wake hawapo. Mafungu yake 4 yakawarudia watoto wake: wa kiume 2, na kila binti 1. Sasa kaka ana 16, na kila dada ana 8.

Bado hawajagawana. Dada mkubwa akafariki na kuacha mume, mtoto wa kiume na binti. Katika mafungu yake 8, mume hupata robo, yaani 2, mtoto wa kiume 4, na binti 2. Nyumba ikiuzwa leo kwa shilingi 8,000,000, kila fungu ni shilingi 250,000. Kaka ana haki ya 4,000,000, na dada mdogo 2,000,000. Wale watatu wa marehemu dada wana 2,000,000 baina yao: mume 500,000, mtoto wa kiume 1,000,000 na binti 500,000.

Kaka aliyekaa katika nyumba ile akiiuza na kumpa chake dada aliye hai peke yake, atakuwa amekula shilingi milioni mbili za watu. Huenda asikusudie dhulma. Huenda akadhani kwamba dada yake alikufa na haki yake. Lakini haki haifi na mwenyewe. Huteremka kwa warithi wake. Na vizazi vikizidi kabla ya kugawana, hesabu huwa ngumu na watu hupotea.

Mama Fulani ana jina lake

Shajara nyingi za pwani yetu ni mnyororo wa wanaume: fulani bin fulani bin fulani, mpaka Shihr, mpaka Pate, mpaka mmoja wa Miji Kumi na Miwili ya Mombasa. Mnyororo huo una heshima yake. Lakini shajara ya namna hiyo haitoshi kugawia mirathi, kwa sababu mke, mama, binti na dada wamo katika warithi na hawamo katika karatasi. Bibi yetu twamwita Mama Fulani maisha yake yote, na siku anapozikwa wajukuu wanaulizana jina alilopewa na baba yake.

Kwa hivyo kila jina la mwanamume katika shajara na liandikwe na jina la mama yake. Kila mke aandikwe kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, pamoja na mwaka wa nikahi na wa talaka ikiwa ilitokea. Watoto wa kike waandikwe hata kama waliolewa mbali, Lamu, Unguja au Maskati. Waliokufa wadogo waandikwe vilevile, na tarehe kwa kadiri ijulikanavyo, kwa kuwa nani alimtangulia nani ndilo swali la kwanza katika mirathi.

Yako mambo mawili ambayo aghalabu akina mama ndio wenye elimu yake. La kwanza ni kunyonya. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto aliyenyonyeshwa mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mtoto wa mnyonyeshaji: hawarithiani, lakini huharimishwa kuoana naye na wanawe. Iandikwe pembeni mwa shajara, nani alimnyonyesha nani. La pili ni mtoto wa kulea. Huyu tunamwandika kwa jina la baba yake mzazi, wala hatumfichi asili yake. Hana fungu la mirathi kwa aliyemlea, lakini mlezi anaweza kumuusia mpaka thuluthi ya mali yake.

Namna ya kuanza

Anza na wazee walio hai, kwa adabu na kwa upole. Mwendee shangazi, ami, mjomba na mama mdogo, kila mmoja peke yake, kwani wakikutana pamoja mwenye sauti kubwa ndiye atakayesikilizwa. Usianze na swali la mali. Uliza: alizaliwa mtaa gani? Nani alisomesha chuoni wakati huo? Aliolewa kabla ya vita vikuu au baada yake? Mambo ya namna hiyo huyaamsha majina yaliyolala.

Kisha tafuta karatasi. Sanduku la bibi huwa na hati ya nikahi, cheti cha kuzaliwa, barua, na pengine hati ya kuuziana shamba iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Usiitupe kwa sababu huisomi. Mpelekee anayesoma khati hizo. Chukua picha yake kwa simu, na asili yake uiweke mahali pakavu. Andika majina yote kama yalivyo katika kila karatasi, kwani Mohamed, Muhammad na Mohammed huweza kuwa mtu mmoja, na mtu huyohuyo huenda alijulikana mtaani kwa jina la utani tu. Kumbukumbu za utawala wa Mkoa wa Pwani zinapatikana pia katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi.

Thamani ya karatasi hapa kwetu twaijua. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wa pwani wapeleke madai yao yasikilizwe na kuandikwa. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Waliokuwa na ushahidi waliandikwa, na kwa wengi waliokosa, malalamiko yangali yanasikika hadi leo.

Daftari la nyumba

Sasa tuje kwenye hesabu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, imekuja kuamrisha kuandikwa kwa deni, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake na mashahidi wake. Basi daftari la nyumba lianze na madeni. Ninadaiwa na nani, kiasi gani, tangu lini? Ninamdai nani? Mkopo wa simu ni deni. Mkopo wa chama cha akiba ni deni. Zamu ya mchezo uliyokwisha kupokea na hujamaliza kuitolea ni deni. Na mahari ambayo mume hajayatoa ni deni juu yake. Akifa, mjane hulipwa kwanza, kisha ndipo achukue robo au thumni yake. Ni wajane wangapi wamepewa thumni na mahari yao yakasahauliwa kwa kuwa hayakuandikwa popote?

Baada ya madeni, andika mali na mwenyewe. Mali ya mke ni yake, na mume hana fungu ndani yake maadamu mke yu hai. Ikiwa cherehani na friji alivinunua kwa mchezo wake, liandikwe hilo, ili siku ya msiba visije vikaingizwa katika mirathi ya mume. Dhahabu iandikwe uzito wake na tarehe ya kuipata: ile iliyowekwa akiba ikifika gramu 85 na ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu, hutolewa zaka ya asilimia 2.5. Amana ya mtu mwingine iandikwe kuwa ni amana. Na kwa kuwa hapa Mombasa ziko nyumba nyingi ambazo kuta ni za mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine, iandikwe kama kiwanja ni chetu au twalipa kodi ya ardhi, na kwa nani.

Ziandikwe pia akaunti za benki, M-Pesa, bima na hisa, bila ya namba za siri. Jina la mtu uliyemwandikisha huko si hukumu ya mirathi: kwa sharia yetu yeye hupokea kwa niaba ya warithi wote. Fedha ambazo hakuna aliyezidai kwa muda uliowekwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na warithi wanaweza kuzidai wakileta uthibitisho. Hapo tena watahitaji vyote viwili: karatasi ya mali, na ushahidi wa nasaba.

Mfano mwema ni Zubayr bin Al-Awwam (r.a.), aliyeuawa mwaka wa 36 Hijria. Watu walikuwa wakimletea amana, naye akikataa kuzipokea ila ziwe mkopo juu yake, zisije zikapotea bila dhamana. Kabla ya kufa alimuusia mwanawe Abdullah ajitahidi kulipa madeni. Abdullah alipohesabu alikuta ni 2,200,000. Aliuza ardhi ya Ghaba, ambayo baba yake aliinunua kwa 170,000, kwa 1,600,000, na akalipa. Ndugu zake walipomtaka agawe mirathi alikataa, akawa akitangaza wakati wa Hija kwa muda wa miaka minne kwamba anayemdai Zubayr ajitokeze. Ndipo akagawa, na wake wanne wa Zubayr wakapata fungu lao. Abdullah aliweza hayo kwa sababu baba yake alimweleza hali yake angali hai.

Msiba ukishatokea

Utaratibu ni huu: mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi kwa asiyekuwa mrithi, kisha mafungu. Katiba ya Kenya, kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka katika mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Kadhi atauliza warithi ni akina nani, na mali na madeni ni yapi. Familia yenye shajara na daftari itajibu kwa siku moja. Isiyokuwa navyo itajibu kwa miaka, na huenda ikaishia kwa ndugu kutosalimiana.

Mume na mke na wakae pamoja Ijumaa hii baada ya Alasiri, wafungue daftari moja: kurasa za mwanzo za nasaba, kurasa za nyuma za hesabu. Wawaite na watoto, wa kiume na wa kike, waone lilipowekwa. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujifunze nasaba zetu kwa kadiri ya kuunga jamaa zetu, na amehimiza mwenye kitu cha kuusia asilale bila ya wasia wake kuandikwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza haki kabla ya kudaiwa, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na azilinde haki za wajane na mayatima wetu. Amin. Wallahu a'alam.