Spika za chumba kidogo: sikiza kwanza, lipa baadaye

Chumba cha futi 10 kwa 10 pale Mtongwe au Mtopanga hakihitaji sabufa ya kutikisa mabati. Ukiiweka kwenye kona, besi inaongezeka na kupita ukutani moja kwa moja hadi kwa jirani. Saundiba fupi chini ya tivii inatosha kwa filamu na mpira, na haili nafasi.

Boksi likiandikwa "10,000W PMPO", usibabaike. Hiyo ni namba ya matangazo. Tafuta RMS. Kwa chumba hicho, wati 30 hadi 60 zinatosha na kubaki. Halafu chungulia nyuma ya tivii yako: ikiwa na HDMI ARC, waya mmoja tu, na rimoti ya tivii ndiyo inaongeza sauti. Bluetooth ni poa kwa muziki, ila kwenye filamu midomo huweza kutangulia sauti.

Sasa pesa. Muuzaji wa mtandaoni akitaka umtumie dipoziti kwa namba yake binafsi ndipo mzigo uvuke feri, kataa. Akishazitoa kwa wakala, hata ukituomba turudishe, huenda hatutakuta kitu. Nenda dukani, wachomeke, usikize wimbo unaoujua. Ukiridhika, lipa kwa till, na uhakikishe jina lililo kwenye SMS ni la duka hilo. Mwambie muuzaji aandike kodi ya malipo kwenye risiti ya waranti. Spika ikizima wiki ya pili na SMS ushaifuta, bado una ushahidi.