Mpango wa Hatua katika Uchongaji wa Kipande cha Chuma

Kiswahili kina neno kongwe, kukereza, linalotaja kazi ya kuunda kitu kinachozunguka ilhali kisu kimetulia. Mashine ya milingi hufanya kinyume chake. Kipande hubanwa juu ya meza inayosogea polepole, na kisu chenye meno ndicho kinachozunguka. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Kinachokerezwa aghalabu hubanwa mara moja au mbili, ilhali kipande cha milingi chenye nyuso sita sharti kifunguliwe na kubanwa upya mara kadhaa, na kila kinapofunguliwa hitilafu hupata mlango. Ndiyo maana kazi hii huanzia kwenye karatasi.

Mathalani, mashine ya kusaga mahindi imepasuka makao ya beringi, na kipuri chake hakipatikani tena madukani. Fundi anatakiwa kuchonga kingine kutokana na bonge moja la chuma cha kawaida. Vipimo vya mwisho ni milimita 80 kwa 70 kwa 30. Katikati pana tundu la kupitisha shafti lenye kipenyo cha milimita 36, ambalo upande wa mbele hupanuka hadi milimita 47, kwa kina cha milimita 14, ili beringi ya namba 6204 ikae. Pembeni pana matundu manne ya bolti, na juu tundu dogo la grisi.

Mpangaji stadi husoma mchoro kuanzia mwisho. Hujiuliza ni kipimo kipi kisichosamehe. Urefu wa 80 ukizidi au kupungua kwa nusu milimita, mashine itasaga vilevile. Makao ya beringi hayana upole huo: kipenyo chake chaweza kuanzia 47.000 hadi 47.025, yaani nafasi iliyo chini ya nusu ya unene wa unywele. Yakiwa membamba, beringi itabanwa na kuungua. Yakiwa mapana, itazunguka ndani ya makao yake na kuyala. Aidha, tundu hilo lazima lisimame wima kabisa juu ya uso wa nyuma unaofungwa kwenye mashine. Kwa hivyo uso wa nyuma huteuliwa kuwa uso wa msingi, na vipimo vyote vya unene huhesabiwa kutoka hapo.

Bonge hukatwa kwa msumeno likiwa na ziada ya milimita mbili hivi kila upande. Uso wa msingi huchongwa kwanza, kisha huegemezwa kwenye taya lisilosogea la jiliwa. Kati ya taya linalosogea na upande ambao bado ni mkwaruzo, fundi huweka nondo fupi ya mviringo. Nondo hiyo hugusa mahali pamoja tu, basi upande mkwaruzo haupati nguvu ya kuusukuma uso wa msingi ukaachana na taya. Uso wa pili ukichongwa hapo hutoka mraba na wa kwanza, na nyuso zilizosalia hufuata.

Baadaye huja kazi ya kutoa chuma kingi: kutoboa kwa keekee, kupanua tundu hadi 36, kisha makao hadi 46. Milimita moja ya mwisho huachwa kwa makusudi. Chuma kilichoviringishwa kiwandani huficha mikazo ndani yake, na kikipunguzwa hujipinda kidogo. Anayemaliza tundu mapema humaliza kitu ambacho bado kinasogea. Kwa sababu hiyo tundu la grisi hutobolewa sasa, kabla ya umaliziaji, halafu kipande hufunguliwa, huachwa kipoe, na uso wa msingi hupitishwa kisu tena kwa wepesi.

Suala la kupoa halipaswi kupuuzwa. Chuma kilichopata joto la nyuzi 30 kupita la karakana hufutuka kiasi cha kuliongezea tundu la milimita 47 takribani 0.017 ya milimita. Hiyo ni theluthi mbili ya nafasi yote iliyoruhusiwa! Tundu linalopimwa likiwa moto laweza kuonekana sawa, kumbe kesho yake beringi haiingii. Kubana nako kuna hila yake: jiliwa ikikazwa kupita kiasi, tundu huchongwa duara kamili, na taya zikilegezwa hugeuka yai. Katika ubanaji wa mwisho hukazwa kiasi tu, na makao ya beringi pamoja na matundu ya bolti humalizwa papo hapo bila kufungua.

Utaratibu huu wote huandikwa kwenye karatasi ya hatua, na hapo uteuzi wa maneno huwa na uzito sawa na uteuzi wa kisu. Tundu la grisi liko milimita 8 kutoka uso wa nyuma, ili lifike kwenye uwazi ulio nyuma ya beringi. Karatasi ikisema tu "geuza kipande, toboa kwa milimita 8", fundi wa zamu ya pili hajui kama anatakiwa kukizungusha, kukilaza ubavu au kukipindua. Akiegemeza uso wa mbele kwenye taya, tundu litaangukia ndani ya makao, nalo litazibwa na beringi yenyewe. Maagizo yafaayo husema: "Simamisha kipande kwa ubavu, uso wa msingi uguse taya lisilosogea, pima milimita 8 kutoka kwenye taya hilo."